Maswali kwa Shangazi: Imenaswa kwenye kamera, sasa tuifanye nini?

Shangazi alihariri picha za habari za televisheni jijini Dar es Salaam kwa miaka mingi kabla ya kustaafu. Barua nyingi zilizotufikia mwezi huu zinahusu video za ajali, wizi na vipigo zinazozunguka kwenye simu, tukaamua kumkabidhi ukurasa mzima.

Shikamoo Shangazi. Kaka yetu aligongwa na lori akiwa kwenye bodaboda hapa Morogoro. Nyumbani hatukupigiwa simu na mtu yeyote. Wifi yangu alikuwa anaosha vyombo, akafungua simu, akaona kwenye stetasi ya jirani mtu amelala barabarani na lile shati la drafti alilolipiga pasi asubuhi. Alianguka pale pale. Video imefika kila grupu, mpaka la kikoba chake, na hadi leo kuna watu wanaituma upya. Tuifanyeje iondoke? Na aliyerekodi tunaweza kumshtaki?
*Dada wa marehemu, Morogoro*

Marahaba mwanangu. Poleni sana, na mpe pole wifi yako. Mtu akipata msiba kwa njia hiyo anafiwa mara mbili kwa siku moja.

Hilo shati nimelisoma mara kadhaa kwenye barua yako. Kwenye chumba chetu cha kuhariri ilikuwa marufuku kuonyesha maiti au majeruhi mahututi kabla ndugu hawajaarifiwa, na vijana wapya walikuwa wanafikiri kuziba uso kunatosha. Haitoshi hata kidogo. Mke hamtambui mumewe kwa uso tu. Anamtambua kwa shati, kwa kandambili, kwa namna alivyokunja mikono ya nguo, kwa stika iliyobandikwa kwenye tangi la pikipiki. Ndiyo maana tulikuwa tunachukua picha ya barabara, lori na watu waliosimama mbali, basi. Habari ilieleweka na hakuna mtoto aliyemwona baba yake pale.

Sasa kuhusu kuiondoa. Kazi hii asiifanye wifi yako, na wewe pia kama una uchungu mwingi usiifanye. Mchagueni mmoja wa familia mwenye moyo mgumu kidogo, binamu au rafiki. Aandike ujumbe mmoja mfupi: "Huyu ni ndugu yetu, amezikwa, ana mke na watoto wanaotumia simu. Tunaomba mfute." Amtumie kila msimamizi wa grupu mnalolijua. Kwenye WhatsApp msimamizi ana uwezo wa kufuta ujumbe wa mwanachama yeyote ukatoweka kwa wote, ila kwa muda mfupi tu baada ya kutumwa, kwa hiyo aombwe mapema kila inapotumwa upya. Stetasi yenyewe hupotea baada ya saa 24, lakini waliokwisha kuipakua bado wanayo, na hao ndio wa kuombwa mmoja mmoja. Kama ipo Facebook, TikTok au Instagram, watu wengi wa familia wairipoti kwa siku moja. Mimi naamini kabisa kwamba wengi wakiombwa kwa jina la mjane watafuta. Hawakukusudia ubaya. Walituma kwa sababu walitumiwa.

Aliyerekodi, mwanangu, kabla ya kumshtaki mtafuteni kwa upole. Huyo huenda ndiye shahidi wenu mkubwa. Video yake ya kwanza, ile iliyomo kwenye simu yake, huenda inaonyesha namba ya lori, upande liliposimama, alama za breki, na kama dereva alishuka au alikimbia. Lori linatakiwa kisheria liwe na bima ya mtu wa tatu, na mjane na watoto wana haki ya kudai fidia huko. Askari wa usalama barabarani na wakili wenu watahitaji ushahidi huo kuliko mnavyodhani leo.

Mwombeni awape faili lenyewe. Ile iliyopita kwenye magrupu imeshabanwa, namba za gari hazisomeki, na tarehe na saa vilivyokuwa ndani ya faili vimepotea. Akiituma kwa WhatsApp aitume kama waraka, isiende kama video ya kawaida, au muihamishie kwenye flashi kwa waya. Asikate mwanzo wala mwisho. Sheria yetu ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inakubali ushahidi wa namna hii mahakamani, ila hakimu ataangalia jinsi ulivyotengenezwa, ulivyotunzwa na umetoka kwa nani. Faili likitoka moja kwa moja kwa aliyelirekodi, naye akakubali kusimama na kusema "hii ni yangu", lina uzito. Lililookotwa kwenye grupu la kikoba lina maswali mengi.

Waliosambaza baada ya kuombwa wafute wakakataa, hao ni suala jingine. Pigeni picha ya skrini inayoonyesha jina, namba na saa, kisha muwapeleke polisi.

Shangazi, mwanangu wa darasa la tatu aliona kwenye simu ya baba yake video ya lori la mafuta likilipuka na watu wakikimbia wanaungua. Tangu hapo anakojoa kitandani, na tukipita karibu na kituo cha mafuta ananishika sketi. Namwambia asahau lakini wapi.
*Mama wa watoto watatu, Tanga*

Usimwambie asahau, mama. Mtoto akiambiwa asahau anaelewa kwamba jambo hilo ni baya mno hata mama anaogopa kulitaja.

Mkae naye mchana, si usiku, umuulize ameona nini. Mwache aseme yote, hata yanayokutia kichefuchefu. Halafu umweleze ukweli kwa kipimo chake. Nadhani aliyoiona ni ya Msamvu, Morogoro, ya tarehe 10 Agosti 2019, maana hiyo ndiyo inayorudi rudi kwenye simu za watu. Kama ndiyo, mwambie: jambo hilo lilitokea siku moja, limeisha, moto ulizimwa. Watoto wadogo wakiiona video mara tano wanadhani imetokea mara tano, na kwamba kesho itatokea mtaani kwao.

Kisha mweleze kwa nini ulitokea, kwa sababu hofu ya mtoto hupungua akijua sababu. Lori lilipinduka, petroli ikamwagika, watu wakakimbilia na madumu. Mvuke wa petroli hauonekani na ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo hutambaa chini, miguuni mwa watu, unakwenda mbali na lori. Cheche moja tu popote kwenye mvuke huo inatosha. Walikufa zaidi ya watu 100. Kenya nao walipata msiba kama huo Sachangwan, karibu na Molo, Januari 2009. Kituo cha mafuta ni tofauti: mafuta yamo ndani ya matangi chini ya ardhi, wahudumu wamefundishwa. Mpeleke siku moja asimame mbali kidogo aone gari likijazwa na kuondoka salama.

Mwongezee na amri moja ya kudumu: ukiona lori la mafuta limeanguka, kimbia kinyume na wanakokimbilia wengine. Na wewe mama na baba yake mshike hiyo hiyo. Katika video za kabla ya mlipuko wa Msamvu unawaona waliosogea na simu kurekodi wale wanaochota. Hawakubeba dumu, hawakuiba tone, lakini walisimama ndani ya mvuke ule ule.

Upande wa simu, baba yake aingie kwenye mipangilio ya WhatsApp, sehemu ya hifadhi na data, azime upakuaji wa video unaojiendesha wenyewe. Azime pia ile inayozipeleka kwenye albamu ya picha za simu, maana watoto wengi huzikuta huko wakitafuta katuni. Hali ikiendelea wiki kadhaa, mpeleke kituo cha afya, kukojoa kitandani kwa hofu kunatibika. Unaweza pia kupiga 116, namba ya simu kwa mtoto, ni bure.

Shikamoo mama. Nina duka Mwanza. Kamera yangu imemnasa mwanamke mwenye mtoto mgongoni akisukumia makopo mawili ya maziwa ya watoto ndani ya kanga. Sura inaonekana vizuri. Vijana wa hapa wananiambia niirushe mtandaoni ili atambuliwe na awe fundisho. Ushauri wako?
*Mwenye duka, Mwanza*

Marahaba kaka yangu. Usiirushe. Hasara yako ni ya kweli, na makopo ya maziwa ni ghali, sikulaumu kukasirika. Lakini ukishairusha hutaweza kuchagua nani ataiona na atafanya nini.

Nimehariri picha za watu waliopigwa na wananchi wenye hasira kali. Mara nyingi tulikuwa tunapata sekunde chache za mwanzo kabla ya kipigo, na hizo ndizo zilizokuwa zinanikosesha usingizi: mtu amekaa chini katikati ya duara, anajaribu kueleza, na kila anayefika anauliza "kafanya nini?" huku tayari ameokota jiwe. Wengi wa wale waliokuwa wanapiga hawakuibiwa kitu. Sasa mwanamke wako ana mtoto mgongoni. Akitambuliwa sokoni Jumamosi na kundi lisilokujua wewe wala duka lako, mtoto huyo yupo mgongoni.

Pia kuna suala la kukosea mtu. Kamera ya dukani huwa imefungwa juu kwenye kona, inamwonyesha mtu kutoka utosini. Kwa pembe hiyo wanawake wengi wanafanana.

Fanya hivi leo, usingoje wiki ijayo. Mashine inayotunza picha za kamera zako, diski ikijaa huandika mpya juu ya za zamani. Kutegemea ukubwa wa diski na idadi ya kamera, tukio linaweza kufutika ndani ya siku chache bila wewe kugusa kitu. Litoe kwenye flashi, kuanzia anapoingia mlangoni mpaka anapotoka, si kipande cha kanga peke yake. Angalia saa ya mashine, ulinganishe na saa ya simu yako. Kama imepishana, andika kwenye karatasi imepishana kiasi gani, maana wakili wa upande wa pili atakuuliza hilo kwanza. Kisha nenda kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa na kituo cha polisi. Mwenyekiti akimtambua atamwita, na kesi nyingi za makopo mawili huishia kwa kulipa.

Na uweke tangazo mlangoni kwamba duka lina kamera. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kufanya kazi tarehe 1 Mei 2023, na ina Tume yake. Sura ya mteja ni taarifa yake binafsi. Umeichukua kwa ajili ya ulinzi wa duka, itumie kwa hilo. Hata kamera ya nje ielekee mlango wako, isiangalie uani kwa jirani.

Kuna kisa cha Kampala cha mwaka 2014 ambacho wengi wenu mnakikumbuka. Baba alishuku michubuko ya binti yake wa mwaka mmoja na nusu, akaficha kamera sebuleni, ikamnasa dada wa kazi akimpiga, akimkanyaga. Bila kamera ile mtoto angeweza kufa. Dada yule alihukumiwa miaka minne jela, mwezi Desemba mwaka huo huo. Kamera ilifanya kazi yake ilipofika polisi na mahakamani. Ila video ilikwisha kuzunguka dunia nzima, na yule mtoto sasa ameshakua, anajua kusoma, na akiandika maneno mawili matatu kwenye simu atajiona. Hilo halikumwongezea ulinzi wowote.

Salaam aleikum Shangazi. Mimi huvuka Likoni kila siku kwenda kazini. Kila mvua kubwa ikinyesha naletewa video ya feri imelala upande, watu wanarukia baharini, wanasema ni ya leo. Nitajuaje kama ni kweli?
*Msafiri wa feri, Mombasa*

Waaleikum salaam. Naelewa kwa nini nyinyi wa Likoni hamwezi kuipuuza. Tarehe 29 Septemba 2019 gari lilirudi nyuma likateleza kutoka kwenye feri mbele ya macho ya watu, kuna aliyelinasa kwa simu, na mama na mtoto wake wakafa maji. Zilipita karibu wiki mbili kabla ya gari kutolewa. Baada ya jambo kama hilo kila video ya chombo majini inaaminika.

Mimi nikiletewa picha nilikuwa nazima sauti kwanza. Sauti ndiyo inayotia hofu na mara nyingi imebandikwa. Halafu naangalia pembeni mwa picha, si katikati. Namba za magari: kwenu kibao cha mbele ni cheupe na cha nyuma cha njano. Kwetu Tanzania gari binafsi lina njano mbele na nyuma, la biashara nyeupe. Kama magari yanapita upande wa kulia wa barabara, hapo si Kenya, Uganda wala Tanzania. Inaweza kuwa Kongo, Burundi, Rwanda au mbali zaidi. Soma maandishi kwenye boya na ubavuni mwa feri. Angalia mavazi, na kivuli cha jua: wewe upo kwenye mvua ya leo, hao mbona wana vivuli vikali?

Simamisha video kwenye picha moja iliyotulia, uipige picha ya skrini, uitafute kwa Google Lens. Ikikuletea ukurasa wa miaka iliyopita, umeshapata jibu. Kwenye WhatsApp, mishale miwili pamoja juu ya ujumbe maana yake umepita mikononi mwa watu wengi, watano au zaidi, na huenda hakuna hata mmoja wao aliyekuwepo. Siku hizi kuna na za akili mnemba. Hizo tazama vidole, na herufi kwenye vibao, mara nyingi zinayeyuka. Ila zinazidi kuwa nzuri, kwa hiyo njia ya uhakika zaidi ni kumpigia mtu aliye upande wa pili wa kivuko. Unao jamaa wengi huko.

Shangazi shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa chuo, Bukoba. Wenzangu wananicheka nikisema kurekodi ajali ni dhambi. Wanasema bila video hakuna haki. Nikikuta tukio, nisaidie au nirekodi?
*Mwanafunzi, Bukoba*

Marahaba mjukuu wangu. Wenzako wana hoja, na wewe una hoja.

Upo Bukoba, kwa hiyo unajua kilichotokea asubuhi ya tarehe 6 Novemba 2022. Ndege ilianguka Ziwa Victoria karibu kabisa na uwanja, ikiwa na watu 43. Wavuvi ndio waliotangulia kufika kwa mitumbwi, na waliokuwa ufukweni wakavuta kamba. Walipona 24, wakafa 19. Picha nyingi za siku hiyo zilipigwa na watu waliosimama nchi kavu, wasiokuwa na mtumbwi. Hao hawakumnyima mtu msaada. Ningekasirika kama mwenye mtumbwi ndiye angekuwa anarekodi.

Sasa haki. Mwaka 2014 jijini Nairobi wanaume walimvua mwanamke nguo ndani ya matatu, wakarekodi kwa simu. Video hiyo ndiyo iliyowatia hatiani watatu mwaka 2017, na kelele za wakati ule zililifanya Bunge la Kenya liongeze kifungu kinachompa anayemvua mtu nguo kwa nguvu kifungo kisichopungua miaka 10. Kwetu Mbeya, Oktoba 2016, video ya walimu wa mafunzo kwa vitendo wakimpiga mwanafunzi kwenye ofisi ya walimu ilizunguka nchi nzima na serikali ikachukua hatua ndani ya siku chache. Na Minneapolis, Marekani, tarehe 25 Mei 2020, binti wa miaka 17, Darnella Frazier, alisimama kando ya barabara akashika simu bila kutikisika wakati polisi amemkandamiza George Floyd shingoni kwa goti kwa zaidi ya dakika 9. Taarifa ya kwanza ya polisi ilisema mtu huyo alipata tatizo la kiafya. Bila simu ya binti huyo taarifa hiyo ndiyo ingebaki.

Kwa hiyo mimi hutazama anayeumia anaumizwa na nini. Kama ni mtu mwenye nguvu anamwonea asiye na nguvu, na wewe huwezi kuingilia bila kuuawa, simama mbali, rekodi. Kama ni ajali na damu inamwagika, mikono yako inahitajika kuliko kamera yako.

Kwenye ajali anza na simu, lakini kwa kupiga: 112 ni polisi, 114 ni Zimamoto na Uokoaji. Taja mahali kwa jina ambalo dereva wa gari la wagonjwa atalijua. Mwambie mtu mmoja kwa kumnyooshea kidole, "wewe kaka wa fulana nyekundu, weka matawi barabarani huku na huku," maana ukisema "jamani wekeni matawi" hakuna atakayekwenda. Anayevuja damu, kunja kanga au kitenge safi, kandamiza pale pale kwa nguvu, usiachie kuchungulia. Usimvute majeruhi mgongo ukiwa umepinda isipokuwa kuna moto au maji. Usimpe maji ya kunywa, hata akiomba.

Ukikuta wenye mikono wanatosha, hapo unaweza kurekodi. Shika simu kwa upana, anza na kitu kinachoonyesha mahali, kibao au nguzo ya kilomita. Taja tarehe na saa mara moja, kisha nyamaza. Rekodi magari, namba, barabara, alama za breki. Wapitie majeruhi kwa mbali au usiwarekodi kabisa. Kama ni uonevu, rekodi mfululizo bila kukata, hata kama dakika tatu hakuna kinachotokea. Usiweke muziki, usiandike maneno juu yake.

Na usiitume kwenye grupu lolote. Ipeleke kituo cha polisi ukiwa na simu yenyewe, uwape nakala, simu ubaki nayo, uandike jina la askari aliyepokea na namba ya RB, yaani ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi. Kama unayemrekodi ni askari, nenda na wakili au mtu wa msaada wa kisheria, na kabla hujatoka nyumbani acha nakala kwa mtu unayemwamini.